Waridi, Barua na Pete: Namna ya Kufuatilia Motifu Zinazojirudia katika Tamthilia za Kijerumani za Karne ya 18

Msomaji anayefungua tamthilia ya Kijerumani ya karne ya 18 kwa mara ya kwanza mara nyingi hukimbilia maneno makubwa: uhuru, wema, heshima, mapenzi, dola. Maneno hayo yamo kweli, tena wahusika wenyewe huyatamka kwa sauti ya juu, na ndiyo maana hayafai kuwa mahali pa kuanzia, kwani anayeanza na uhuru humaliza insha yake na uhuru uleule bila kuwa ameisoma tamthilia. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine. Chagua kitu kimoja kidogo kinachoshikika, kama vile waridi, pete, barua au kidani, kisha ukifuate kutoka mkono hadi mkono, tangu kinapoingia jukwaani hadi kinapotoka, ukiandika kila mara kilichobadilika. Kwa maana itakayotumika hapa, motifu ni kitu, kitendo au hali ndogo inayorudi, na dhamira ni kile ambacho marudio hayo yanakijenga. Motifu utaiona kwa macho. Dhamira itabidi uifikie kwa hoja.

Tamthilia nitakazozitumia ni za kati ya mwaka 1755 na mwisho wa karne hiyo, na waandishi wake ni Lessing, Klinger, Leisewitz, Wagner, Lenz, Goethe na Schiller. Ujerumani haikuwa nchi moja wakati huo. Ilikuwa mamia ya maeneo madogo, kila moja na mtawala wake, mahakama yake na wapambe wake, na jambo hilo litajitokeza lenyewe pindi utakapoanza kuuliza kidani fulani kilinunuliwa kwa fedha za nani.

Kuandaa daftari

Kabla ya yote, elewa namna maonyesho yanavyogawanywa. Katika tamthilia nyingi za wakati huo, na hasa za Lessing, onyesho jipya huanza mhusika anapoingia au anapotoka, hata kama mahali ni palepale na saa ni ileile. Kwa hiyo namba ya onyesho inakuambia nani yuko jukwaani, na kwa mfuatiliaji wa motifu hiyo ni habari ya thamani kubwa, kwa sababu nguvu ya barua au pete hutegemea nani ameiona na nani amefichwa. Nukuu kwa tendo na onyesho, wala usinukuu kwa ukurasa, maana kila tafsiri ina kurasa zake lakini Tendo la Tano, Onyesho la Saba ni lilelile popote utakapolikuta.

Chora safu tano. Ya kwanza ni ya mahali, yaani tendo na onyesho. Ya pili ni ya mkono unaokishika kitu. Ya tatu ni ya anayekiona. Ya nne ni ya asiyejua. Ya tano ni ya maneno yanayosemwa juu yake, yakinakiliwa kama yalivyo. Usiweke safu ya maana. Najua kishawishi kilivyo kikubwa, lakini ukiijaza mapema utaanza kuviona vitu vyote vikikubaliana nayo.

Soma maelekezo ya jukwaa kwa makini uleule unaousomea mazungumzo. Lessing huyaandika kwa ufupi, Schiller huyarefusha, na motifu nyingi hujificha humo, katika mkono unaochana karatasi au jicho linalogeukia dirishani wakati mdomo unasema jambo jingine.

Ikiwa unasoma tafsiri, weka matini ya Kijerumani kando hata kama lugha hiyo huijui vizuri. Kazi hizi hazina tena hakimiliki na zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo unaweza kulitafuta neno moja na kuona linarudi wapi, jambo ambalo wafasiri wengi hulificha bila kukusudia kwa kubadilisha maneno ili wasichoshe. Kuna mitego miwili. Ukitafuta “Ring”, yaani pete, kompyuta itakuletea pia “bringen”, “springen” na “gering”, ambayo hayahusiani na pete hata kidogo; chagua kutafuta neno zima peke yake. Tena tahajia za zamani ni tofauti na za leo: machozi, ambayo sasa huandikwa “Tränen”, katika matoleo ya kale ni “Thränen”, na anayetafuta kwa tahajia moja tu atapata nusu ya ushahidi.

Mfano wa karibu: waridi la Emilia

Chukua Emilia Galotti ya Lessing, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Braunschweig tarehe 13 Machi 1772. Mtawala wa Guastalla amempenda Emilia, binti wa kanali mstaafu, ambaye siku hiyohiyo anaolewa na Appiani. Mpambe wa Mtawala, Marinelli, anapanga gari la harusi lishambuliwe njiani. Appiani anauawa na Emilia analetwa kwenye kasri la Mtawala kana kwamba ameokolewa.

Fungua daftari kwenye Onyesho la Kwanza kabisa. Mtawala ameketi mezani akisoma maombi ya raia, na anakuta ombi la mwanamke aitwaye Emilia Bruneschi. Huyu si Emilia wetu. Anaomba mengi, lakini Mtawala anamkubalia, kwa sababu tu ya jina. Katika Onyesho la Nne mchoraji Conti analeta picha mbili, moja ya Orsina, hawara ambaye Mtawala amekwisha mchoka na ambaye picha yake aliiagiza mwenyewe, na nyingine ya Emilia, ambayo hakuiagiza lakini anainunua papo hapo. Mwishoni mwa tendo hilo mshauri Rota analeta hati ya hukumu ya kifo ili itiwe saini, na Mtawala, aliye mbioni kwenda kanisani kumvizia Emilia, anajibu kwamba atafanya hivyo kwa furaha, haraka haraka. Mzee Rota anashtuka, anajifanya hakuileta hati, na kuondoka nayo.

Emilia mwenyewe bado hajaonekana. Jina lake limeshatoa saini, sura yake imeshauzwa, na kwa ajili yake mtu nusura apoteze maisha kwa kalamu ya mtawala mwenye haraka. Anapoingia hatimaye katika Tendo la Pili, Onyesho la Sita, anakuja mbio, amefunikwa shela, akitoka kanisani alikonong'onezwa sikioni wakati wa ibada. Ukiwa umeandika safu zako vizuri, utaona kwamba mfuatano ni jina, picha, kisha mtu, na kwamba mtu ndiye wa mwisho kufika.

Sasa lulu na waridi. Katika Tendo la Pili, Onyesho la Saba, Emilia anamweleza Appiani atakavyovaa harusini. Vito alivyompa hatavivaa, kwa kuwa ameota mara tatu kwamba kila jiwe limegeuka lulu, na lulu, anasema, ni machozi. Badala yake atavaa vazi la rangi na mshono uleule wa lile alilokuwa nalo siku Appiani alipompenda kwa mara ya kwanza, nywele zake zikiwa katika mawimbi yake ya asili, na waridi ndani yake. Baada ya yeye kutoka, Appiani analirudia neno la lulu na machozi kana kwamba anajisemea, kama mtu aliyeokota kitu asichojua cha kukifanyia.

Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji tahadhari ya ziada. Kwetu lulu ni neno la sifa, hata jina la mtoto wa kike, na waridi huja na harufu ya nyimbo za mapenzi. Viache vyote viwili vingoje nje ya mlango. Katika tamthilia hii lulu ni hofu, na waridi mwanzoni ni kumbukumbu ya siku moja tu ambayo watu wawili wanaijua.

Kisha ruka hadi Tendo la Tano, Onyesho la Saba. Appiani amekufa. Emilia, akiwa na baba yake Odoardo ndani ya kasri, anaomba jambia. Jambia hilo, andika kwenye safu ya pili, Odoardo alipewa na Orsina katika Tendo la Nne, naye Orsina alisema kwamba sumu ni ya wanawake, haiwafai wanaume. Odoardo anampa binti yake jambia na mara anampokonya. Emilia anapeleka mkono kichwani kutafuta pini ya nywele ajichome nayo, na kinachokutana na vidole vyake ni waridi. Hakulikusudia. Analiambia kwamba halifai kukaa kwenye nywele za mwanamke wa aina ambayo baba yake anataka awe, na anaanza kulinyambua huku akimkumbusha juu ya baba mmoja wa kale aliyemchoma binti yake kisu ili kumwokoa na aibu, akiongeza kwamba baba wa namna hiyo hawapo tena. Odoardo anamchoma. Anapolia, akiuliza amefanya nini, Emilia ndiye anayemjibu: umechuma waridi kabla tufani halijalipukutisha.

Angalia safu ya tano. Sentensi maarufu kuliko zote katika tamthilia hii hutajwa mara nyingi kana kwamba ni hukumu ya mwandishi juu ya kifo hicho, ilhali imesemwa na aliyechomwa, kwa ajili ya aliyechoma, sekunde chache baada ya yeye kuogopa alichokifanya. Ni zawadi ya faraja. Mimi siamini kwamba Lessing anatutaka tukubali kuwa kuua ni kuchuma ua; nadhani anatuonyesha binti ambaye hata akiwa anakufa anambebea baba yake mzigo. Unaweza kunipinga, na utakuwa na haki, mradi upinzani wako uanzie kwenye vidole vilivyotafuta pini vikapata waridi.

Barua, na swali la mwandiko

Kama una nafasi ya kufuatilia motifu moja tu katika karne nzima, fuatilia barua. Mwaka 1751 mwandishi Gellert alichapisha Leipzig barua zake pamoja na maelezo ya namna ya kuandika barua nzuri, akihimiza barua iige mazungumzo na itoke moyoni badala ya kufuata kanuni za maofisini. Wasomaji wa kizazi kile walijifunza kuiamini barua kama wanavyouamini uso wa mtu. Watunzi wa tamthilia nao wakaiona nafasi: kitu kinachoaminiwa kiasi hicho ndicho kinachofaa kughushiwa.

Katika Miss Sara Sampson ya Lessing, ya mwaka 1755, barua bado ni safi. Sara ametoroka na mpenzi wake, na katika Tendo la Tatu mtumishi mzee Waitwell anamletea barua ya baba yake. Anasitasita kuifungua, na ukisoma kwa haraka utadhani anaogopa laana. Anachokiogopa hasa ni msamaha, kwa sababu upendo wa baba utamwonyesha ukubwa wa kosa lake. Kinachotisha hapo ni ukweli uliomo ndani ya bahasha.

Miaka 26 baadaye, katika Die Räuber (Wanyang'anyi) ya Schiller, iliyochapishwa 1781 na kuonyeshwa Mannheim tarehe 13 Januari 1782, tamthilia inafunguka kwa Franz akimuuliza baba yake kama anajisikia vizuri, maana anaonekana amepauka, huku mfukoni ana barua ya uongo kuhusu ndugu yake Karl. Andika kwenye safu ya pili: barua haiachi mkono wa Franz. Ni yeye anayemsomea mzee, anayechagua pa kutua, anayejifanya kulia. Mzee akiisha kutoka, Franz anaokota vipande vya karatasi iliyochanwa, akisema mtu anaweza kuutambua mwandiko wake. Onyesho zima limo katika kitendo hicho cha mtu aliyeinama sakafuni akiokota karatasi, na msomaji anayepuuza maelekezo ya jukwaa hatakiona. Kisha Franz anajitolea kumwandikia Karl kwa niaba ya baba, na yale yaliyokuwa karipio la mzazi yanakuwa laana inayomsukuma Karl msituni.

Kabale und Liebe (Hila na Mapenzi), iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwezi Aprili 1784, inageuza jambo hili mara nyingine. Luise, binti wa mwanamuziki Miller, anapendana na Ferdinand, mwana wa mkuu wa serikali. Baba yake Luise anatiwa kizuizini, na katika Tendo la Tatu, Onyesho la Sita, karani Wurm anamwandikisha kwa imla barua ya mapenzi kwa bwana mmoja mpuuzi wa ikulu, kisha inapangwa barua hiyo ianguke mikononi mwa Ferdinand. Safari hii hakuna mwandiko wa kughushi. Mwandiko ni wa Luise kabisa, na Ferdinand anautambua, na hapo ndipo hila ilipo. Tena ameapishwa asiseme kwamba alilazimishwa, hata Ferdinand anapomuuliza waziwazi kama aliiandika, anaapa kwa Mungu kuwa ndiyo. Baada ya kunywa limonadi yenye sumu, kifo kikiwa kimemfungua kiapo, anasema kwamba mkono wake uliandika kile ambacho moyo wake ulikilaani.

Mkono na moyo. Ukirudi nyuma kwenye daftari utaona kwamba neno hilo la mkono limekuwa likikufuata. Franz aliogopa mkono wake usijulikane; Luise anaangamizwa kwa sababu mkono wake unajulikana. Sasa ongeza Nathan der Weise (Nathan Mwenye Hekima) ya Lessing, ya mwaka 1779, yenye mandhari ya Jerusalem wakati wa Vita vya Msalaba. Katika onyesho la mwisho Sultani Salahuddin anapewa kitabu kidogo cha sala ambacho mtawa mmoja alikitoa kifuani mwa bwana wake aliyekufa, ndani yake mkiwa na maandishi ya Kiarabu, na Sultani anaona mwandiko wa Assad, ndugu yake aliyepotea. Kwa Kijerumani anautaja mwandiko huo kwa neno lilelile la mkono: mkono wake! Mara moja msichana Recha aliyelelewa na Nathan, mfanyabiashara Myahudi, na kijana Mkristo aliyemwokoa wanageuka kuwa dada na kaka, watoto wa Mwislamu. Kile ambacho Schiller baadaye atakifanya chombo cha kutenganisha ndugu, kwa Lessing kinawakusanya. Andika tofauti hiyo, halafu jiulize ni hali gani iliyoiruhusu karatasi iaminike hapa na isiaminike kule. Jibu langu, kwa kifupi, ni kwamba mwandiko wa Assad ulikaa kifuani mwa mtu na mikononi mwa mtawa asiyetaka faida, bila kupitia ofisi yoyote.

Moto ule mmoja unaowaka mara tatu

Kwa kuwa umeshaishika Nathan, usiiweke chini bado. Kila mtu huiendea kwa ajili ya hadithi ya pete tatu katika Tendo la Tatu, Onyesho la Saba, na hadithi hiyo inastahili sifa zake zote. Mimi ningemshauri mwanafunzi aiache pete kwa siku moja afuate moto, kwa maana pete husimuliwa mara moja, na moto unaipitia tamthilia nzima.

Tamthilia inaanza Nathan akirudi safari ya biashara na kukuta nyumba yake imeungua, na Recha ameokolewa na kijana wa kundi la Templar, yaani watawa wapiganaji wa Kikristo. Katika Tendo la Pili, Onyesho la Tano, Nathan anakutana na kijana huyo, ambaye hataki shukrani wala zawadi na hamheshimu Myahudi. Nathan anaona kwenye joho lake jeupe doa lililoungua, analishika pindo, anasema angetaka kulibusu doa hilo, na chozi lake linaliangukia. Hapo moto umebaki kama alama ya ukubwa wa kiganja kwenye kitambaa. Katika Tendo la Nne, Onyesho la Pili, Patriaki, mkuu wa Wakristo wa Jerusalem, anaulizwa mambo kuhusu Myahudi aliyemlea mtoto wa Kikristo, na kwa kila hoja ya huruma anayopewa anajibu sentensi ileile, kwamba haidhuru, Myahudi atachomwa moto. Mara tatu. Na katika Onyesho la Saba la tendo hilohilo Nathan anamsimulia mtawa kwamba Wakristo walipowaua Wayahudi mjini Gath, mke wake na wana wake saba waliteketea katika nyumba walimokuwa wamejificha, na kwamba baada ya siku tatu za majivu na kilio aliletewa mtoto mchanga wa Kikristo, akampokea.

Ukipanga matukio hayo kwa mfuatano wa maisha ya Nathan, moto wa Gath ndio wa kwanza. Ukiyapanga kama mtazamaji anavyoyapata, ni wa mwisho. Kila mara daftari lako litenge mpangilio huu wa aina mbili. Chozi la kwenye joho, ambalo katika Tendo la Pili linaonekana kama kuzidisha adabu, linapata uzito wake wote matendo mawili baadaye, mtazamaji anapojua ni nyumba gani nyingine iliyoungua bila mwokoaji. Inafaa pia kujua kwamba mwaka 1778 Mtawala wa Braunschweig alimwondolea Lessing ruhusa ya kuchapisha bila kukaguliwa, kutokana na ugomvi wake wa maandishi na wanateolojia, hasa Goeze wa Hamburg. Patriaki hakutungwa hewani.

Vito, kwa haraka

Vito vinahitaji swali moja tu: nani amelipa? Katika Kabale und Liebe, Tendo la Pili, Onyesho la Pili, mtumishi mzee anamletea Lady Milford, hawara wa Mtawala, vito vya harusi kutoka kwa Mtawala, vimetoka Venice. Anauliza bei yake. Mzee anajibu kwamba havikugharimu chochote, kwani jana yake vijana 7,000 wa nchi wameondoka kwenda Marekani, nao ndio waliolipa. Watawala kadhaa wa Kijerumani kweli waliwakodisha askari wao kwa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, kwa hiyo Schiller hakuhitaji kubuni sana. Katika Die Soldaten ya Lenz, ya 1776, Marie ni binti wa muuza mapambo wa Lille, na ofisa anamnasa kwa mapambo yaleyale yanayouzwa na baba yake. Katika Faust ya Goethe, sehemu iliyochapishwa 1790, Margarete anakuta kasha la vito kabatini mwake. Mama analipeleka kwa padri, na kasha la pili linafichwa kwa jirani. Ziweke sehemu hizi pamoja na lulu za Emilia, na utakuwa na insha.

Ndugu wawili

Motifu nyingine hazishikiki, ni hali. Ndugu wanaochukiana ndiyo mfano mkubwa. Mwaka 1775 Schröder, mkuu wa jukwaa la Hamburg, aliahidi malipo kwa tamthilia mpya, na kati ya zilizoletwa mlikuwa na Die Zwillinge (Mapacha) ya Klinger na Julius von Tarent ya Leisewitz, zote mbili kuhusu ndugu anayemuua ndugu. Ya Klinger ilichaguliwa, na zote zilichapishwa 1776. Kwa motifu ya namna hii badilisha safu za daftari: nani kifungua mimba, wanagombania nini, nani anauawa, nani anaadhibu. Kwa Klinger mzozo ni nani kati ya mapacha alitangulia kuzaliwa. Kwa Leisewitz ni mwanamke aitwaye Blanca. Katika zote mbili baba ndiye anayemuua mwana aliyebaki. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hapa hakuna anayekwenda shambani, na mavuno ni makaburi mawili.

Schiller alizijua kazi za watangulizi wake, na jambo la kulitia alama katika Die Räuber ni kwamba katika toleo la 1781 Karl na Franz hawakutani ana kwa ana jukwaani hata mara moja. Ugomvi wote unapita kwa barua na wajumbe. Hapo motifu mbili ulizozifuata kando kando zinakutana, na mahali zinapokutana ndipo pa kuandikia aya yako ndefu kuliko zote.

Kuhusu mama anayemuua mtoto wake, motifu iliyomo katika Die Kindermörderin ya Wagner (1776) na katika Faust, nitasema moja tu. Ilikuwa pia habari ya mahakamani. Susanna Margaretha Brandt alikatwa kichwa kwa kosa hilo mjini Frankfurt tarehe 14 Januari 1772, na Goethe, kijana mwanasheria, alikuwa akiishi mjini humo. Usimsome Margarete kana kwamba ni Brandt. Soma kesi ili ujue watazamaji walikuwa na nini vichwani, kisha urudi jukwaani.

Kupima ulichokipata

Ukimaliza daftari, fanya jaribio moja kabla ya kuandika. Kiondoe kitu chako katika tamthilia na uone kama kisa bado kinasimama. Ondoa barua katika Kabale und Liebe, na hakuna kinachobaki baada ya Tendo la Tatu. Ondoa waridi katika Emilia Galotti, na Emilia atakufa vilevile, kwa jambia lilelile. Kilichopotea ni jibu lake kwa baba. Barua hubeba kisa, waridi hukitolea maoni, na hoja zake haziandikwi kwa namna moja. Kwa motifu ya kwanza uliza nani anafaidika inaposogea. Kwa ya pili uliza nani anaitaja, na anamtajia nani.

Zoezi la kuanzia liwe jepesi na la furaha. Chukua Minna von Barnhelm ya Lessing, komedia ya mwaka 1767, ambayo kisa chake kinatokea katika nyumba ya wageni mara tu baada ya Vita vya Miaka Saba. Mwishoni mwa Tendo la Kwanza meja Tellheim, asiye na fedha, anamtuma mtumishi wake Just akaweke rehani pete yake ya uchumba kwa dinari za dhahabu 80. Just, kwa hasira zake, anaiweka kwa mwenye nyumba ya wageni yuleyule waliyekosana naye. Katika Tendo la Pili, Onyesho la Pili, mwenye nyumba anaitoa pete mfukoni ili kumwonyesha mgeni mpya, ambaye ni Minna, na Minna anaigeuza na kuona alama ya jina lake mwenyewe ndani. Tangu hapo kuna pete mbili, na hadi Tendo la Tano Tellheim hatajua ni ipi iliyo kidoleni mwake. Anza kujaza safu ya nne.